Ofisi Ziwani, Mbuni Mlimani

Kwa miongo mingi nchini Burundi, mkulima aliyeng'oa mbuni shambani mwake alikuwa amevunja sheria. Shamba lake, jembe lake, mgongo wake; mti tu ndio haukuwa wake. Marufuku hiyo iliwekwa na Wabelgiji, na jamhuri iliyokuja baada yao, pamoja na hotuba zake zote dhidi ya mkoloni, iliona heri kuirithi kuliko kuifuta.

Ukimuuliza mtu wa Bujumbura kwa nini serikali moja baada ya nyingine zimeshindwa kuupunguza umaskini wa vilimani, atakuhesabia sababu zinazojulikana. Ardhi ni ndogo: nchi nzima ina kilomita za mraba 27,800 hivi, na sensa ya 2008 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane, takriban 290 kwa kila kilomita ya mraba, wengi wao wakiishi kwa shamba lisilozidi nusu hekta. Bahari iko mbali. Vita vilikuwa virefu. Yote hayo ni kweli, na hakuna anayeweza kuyapuuza. Lakini sheria ya mbuni inaeleza jambo ambalo ramani na sensa hazilielezi: serikali iliyokaa kando ya ziwa ilikuwa ikila kwa jasho la mlima, na kwa hiyo kila mpango wa kumwinua mkulima ulifika mahali ukagongana na tumbo la serikali yenyewe.

Wajerumani waliweka kambi ya kijeshi Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji waliutwaa mji mwaka 1916, na baadaye Ruanda na Urundi zikawekwa chini yao kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Waliufanya Usumbura makao makuu ya nchi zote mbili. Mwami, yaani mfalme, na baganwa wake, watu wa ukoo wa kifalme, walibaki juu vilimani. Gavana, forodha, benki na maghala vikawa chini, kwenye joto la ziwa. Mwaka 1921 Uingereza iliwakodisha Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo mashariki na ya Ruanda-Urundi ipite bila kikwazo. Njia ikawa tayari: meli hadi Kigoma, kisha reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha huko mwaka 1914, hadi Bahari ya Hindi. Kilichokosekana ni mzigo wenyewe.

Mzigo ukawa kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala ulianzisha kampeni ya kupanda mibuni kwa lazima. Machifu na machifu wadogo walipangiwa miche, na kila mwenye kaya akapangiwa yake. Karani alikuja kuihesabu. Aliyepungukiwa alitozwa faini au alionja kiboko. Mkulima alitakiwa kuitandazia mibuni majani ili kuhifadhi unyevu, na majani hayo hayo ndiyo angewalisha ng'ombe au kuyarudisha kwenye shamba la maharage. Na kwa kuwa kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, kahawa ilimpa mkulima fedha ya kumrudishia yule yule aliyemlazimisha kuilima.

Wengi waliamua kuondoka. Warundi walivuka mpaka kwa maelfu, wengine kwenda kwenye mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, wengine kuwa manamba katika mkonge wa Tanganyika. Wasomaji wa Tanga na Morogoro huenda wana babu waliofanya kazi nao. Ripoti za utawala ziliita jambo hilo uhamaji wa wafanyakazi. Mimi naona watu wale walikuwa wamepiga hesabu: kazi ile ile, jua lile lile, ila ng'ambo ujira ulibaki mkononi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Umoja wa Mataifa ulianza kuuliza maswali kuhusu nchi za udhamini, na Ubelgiji ikajibu kwa mpango. Mpango wa Miaka Kumi wa Ruanda-Urundi, uliotolewa mwaka 1951, ulikuwa kitabu kinene, na hata leo mtu anayefanya kazi wizarani asingeshangazwa na mengi yaliyomo: mmomonyoko wa udongo, msongamano wa watu, mazao ya biashara, barabara. Dawa yake kubwa ilikuwa kuwashusha watu kutoka milimani na kuwapa viwanja vilivyopimwa katika uwanda wa Imbo, kando ya mto Rusizi. Huko walilima pamba kwa ratiba ya bwana shamba: mwaka huu hapa pamba, pale mihogo, kule ardhi ipumzike. Mashamba yalinyooka kama mistari ya daftari, na hadi leo yanaonekana ukishuka na ndege Bujumbura. Ila Imbo si mlima. Kuna malaria, kuna joto, na mwanzoni mwa karne hiyo malale yaliwahi kuufagia uwanda huo. Tena aliyehamia alikaa kwenye ardhi ambayo si yake wala ya baba yake. Alikaa kwa ruhusa, na ruhusa huweza kuondolewa. Hilo lingekuja kuonekana miaka ishirini baadaye.

Mwanasiasa wa kwanza kujaribu njia nyingine alikuwa mtoto wa Mwami. Louis Rwagasore alirudi kutoka masomoni Antwerp, na mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara na walaji wenye makao Usumbura. Biashara ya nchi wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, Wahindi, Waarabu na makampuni ya Kibelgiji. Mrundi aliyetaka kufungua duka alikosa mkopo, na aliyepata mkopo aliuziwa bidhaa kwa bei ya rejareja ili naye akauze rejareja. Rwagasore alitaka wachuuzi wanunue kwa pamoja kwa bei ya jumla, na mkulima apate mahali pa kuuza na kununua pasipo kukamuliwa mara mbili. Waliomwelewa haraka walikuwa Waswahili wa Buyenzi na Bwiza, watu wa duka dogo, cherehani na safari za Kigoma na Uvira, ambao tayari walijua soko linavyofanya kazi na nani analifunga. Mitaa hiyo ikawa ngome yake, na chama chake cha UPRONA kilipata humo wachangaji na wasemaji.

Ushirika haukudumu. Mtaji ulikuwa haba, hesabu zilikuwa na matatizo, na utawala wa Kibelgiji, uliouona kuwa siasa iliyovaa kanzu ya biashara, haukuwa na haraka ya kuuokoa. Haukukosea kabisa kuhusu siasa. Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimweka Rwagasore kizuizini Bururi. Septemba 18, 1961, UPRONA ikashinda viti 58 kati ya 64. Jioni ya Oktoba 13 mwaka huo huo, majuma machache tu baada ya kuwa waziri mkuu, alipigwa risasi katika hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Waliopanga walikuwa wapinzani wake wa kisiasa wa chama cha PDC. Uhuru ulikuja Julai 1, 1962, na Usumbura ukaitwa Bujumbura.

Mara nyingi husikika kwamba Rwagasore angeishi, Burundi ingekuwa nyingine. Hakuna ajuaye. Lililo wazi ni kwamba ushirika wake ulianzia kwa watu waliotaka kuuza na kununua, na kila ushirika mkubwa uliokuja baadaye ulianzia kwenye hati ya serikali.

Ofisi ya kahawa ya kikoloni ilibadilishwa jina ikaendelea. Serikali ilipanga bei, ilinunua, ilikoboa, iliuza nje. Kufikia miaka ya 1980 kahawa ilikuwa ikiingiza takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni za nchi. Magari ya wizara, mafuta, dawa, karatasi, balozi za Brussels na Paris: vyote vilipita, kwa njia moja au nyingine, kwenye mbuni wa Kayanza na Ngozi. Waziri wa fedha angeweza kumpandishia mkulima bei, lakini kila faranga aliyoiongeza ilitoka kwenye hazina yake.

Mwaka 1972 ukaja. Aprili 29 uasi ulianza Rumonge na kwingineko kusini, watu wakauawa, na jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa mauaji yaliyokwenda kwa miezi katika nchi nzima, yakiwalenga Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wauguzi. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki tatu. Kwa maendeleo ya vijijini maana yake ilikuwa hii: watu wanaojua kusoma barua ya serikali na kuijibu walitoweka vilimani karibu wote. Barua ziliendelea kuja.

Na ardhi ikabaki wazi. Rumonge na Imbo, mashamba ya waliokimbilia Tanzania yaligawiwa wengine, na sehemu nyingine serikali ikaipangia miradi. Kampuni ya serikali ya maendeleo ya eneo hilo ilipanda michikichi ya mbegu bora kwa fedha za Benki ya Dunia. Kwenye karatasi ulikuwa mradi mzuri, na mafuta ya mawese ya Rumonge ni mazuri kweli. Lakini chini ya michikichi kulikuwa na mipaka ya zamani ya watu waliokuwa hai, ng'ambo ya Malagarasi, wakiikumbuka.

Yaliyowapata ng'ambo hiyo ndiyo sehemu ya historia hii inayonivutia kuliko zote. Serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa waliwaweka katika makazi matatu: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kulikuwa pori la miombo lenye mbung'o na simba. Kila familia ilipewa kiwanja, Mishamo kikiwa cha hekta tano hivi, pamoja na jembe, mbegu na posho ya chakula hadi mavuno ya kwanza. Mkulima wa Burundi hakuwahi kuona hekta tano. Walifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mwaka 1985 shirika la wakimbizi likafunga mkono likakabidhi makazi kwa serikali ya Tanzania, kwa kuwa watu walikuwa wakijilisha wenyewe, wakilipa kodi na kuuza ziada katika masoko ya Tabora na Mpanda. Hawakuwa huru: kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na ushirika uliwanunulia tumbaku kwa bei yake. Hata hivyo walikuwa watu wale wale ambao mabwana shamba wa Bujumbura walizoea kuwaandika kuwa wazito wa kubadilika. Baadaye zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania.

Nyumbani, wakati huo huo, Jean-Baptiste Bagaza alikuwa ameshika madaraka Novemba 1976, na yeye hakuwa mtu wa kukaa. Mwaka 1977 alifuta ubugererwa, ule mfumo wa mtu asiye na ardhi kumtumikia mwenye ardhi. Alijenga barabara za lami, bwawa la umeme la Rwegura, kiwanda cha sukari Moso, na kwa msaada wa China kiwanda cha nguo Bujumbura, COTEBU, kilichopaswa kufuma pamba ya Imbo. Wazee wa Bujumbura bado wanaisifu enzi hiyo, na kwa upande wa barabara wana haki.

Bagaza pia alitaka vijiji. Burundi ya jadi haina kijiji: kila familia hukaa kwenye rugo lake, peke yake, katikati ya migomba yake mlimani. Mpangaji wa mipango huiona hali hiyo kama jinamizi, maana bomba la maji litapelekwa wapi? Jirani Tanzania ilikuwa imemaliza tu operesheni yake ya vijiji, na Bujumbura ikaona mfano. Ila rugo liko pale kwa sababu. Samadi, maji ya kufulia, takataka za jikoni na majivu huingia migombani kwa hatua chache. Ndiyo mbolea pekee ya mtu mwenye nusu hekta. Mhamishe hadi barabarani umpe mstari wa nyumba na bomba, naye atabeba samadi kichwani kilomita mbili, kisha ataacha kuibeba. Vijiji vichache vikajengwa, zaidi kwenye nyanda za Imbo na Moso. Milimani watu waliitikia, wakapiga makofi mkutanoni, wakarudi kwenye rugo.

Barabara, mabwawa na viwanda vilijengwa kwa mikopo, na mikopo ilitegemea kahawa. Mwaka 1986 serikali ilitia saini mpango wa marekebisho ya uchumi; Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ukavunjika na bei duniani ikaporomoka. Sekta ikaanza kugawanywa kuwa makampuni: moja la kukoboa, mengine ya kuendesha vituo vya kuoshea. Mgawanyo huo wa sekta ulikuwa bado unaendelea Melchior Ndadaye alipochaguliwa kuwa rais Juni 1993, na hata haukuwa umezoeleka alipouawa Oktoba 21 mwaka huo huo. Miaka kumi na zaidi ya vita sihitaji kuisimulia hapa, ila nitaje vikwazo ambavyo majirani waliiwekea Burundi kuanzia 1996 hadi 1999, baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya. Vilikusudiwa kuwabana watawala wa Bujumbura. Bei ya chumvi na mbolea ilipanda mlimani kwanza.

Ingia kwenye kituo cha kuoshea kahawa Kayanza mwezi Aprili, utauona uhusiano wenyewe wa serikali na mkulima ukipita mezani. Mama anafika na kapu kichwani, ametembea saa nzima. Anamwaga buni kwenye beseni la maji. Zinazoelea hutengwa, kwani ni tupu au zimetobolewa na wadudu. Zilizobaki anazichambua kwa mkono, nyekundu huku, za kijani kule. Mizani inasoma, karani anaandika kilo kwenye daftari na kwenye karatasi ndogo, mama anaifunga kwenye pindo la kitenge. Hiyo karatasi ndiyo malipo yake mpaka kituo kipate fedha. Kilo sita au saba za buni mbivu hutoa kilo moja ya kahawa safi, na bei ya kahawa safi New York haimfikii hata kwa uvumi. Kuna mdudu anayeitoboa buni na kuipa kahawa ladha ya kiazi kibichi, kasoro ambayo mnunuzi haigundui mpaka kikombe kiwe mdomoni. Hasara yake hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye kapu lile.

Baada ya vita, serikali ya Pierre Nkurunziza iliyoingia 2005 ilifuta ada ya shule ya msingi, na Mei 2006 ikafanya matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano na uzazi kuwa bure. Madarasa yalifurika, wanawake walilala wawili kitanda kimoja wodini, wauguzi walilalamika. Lakini angalau mara hiyo kitu kilikwenda mlimani bila kudai kitu kwanza. Kwenye kahawa mambo yalikuwa magumu zaidi. Kwa msukumo wa Benki ya Dunia, vituo 117 vya serikali vilitangazwa kuuzwa, na mwaka 2009 kampuni ya Uswisi, Webcor, ilinunua 13. Muungano wa wakulima ulipinga: vituo vilijengwa kwa mikopo iliyolipwa kwa kahawa yao, na sasa vinauzwa wao wakiwa watazamaji. Vingi vilikosa mnunuzi. Miaka kumi hivi baadaye serikali iligeuza usukani na kuunda ofisi mpya ya taifa ya kahawa, ODECA, na bei ikarudi kutangazwa kutoka juu.

Waliorudi kutoka Tanzania, kwa mamia ya maelfu, walikuta michikichi na watu juu ya mashamba yao. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilianza chini ya Padri Astère Kana kwa kushawishi pande mbili zigawane. Chini ya Askofu Sérapion Bambonanire ikageuka na kumpa aliyerudi shamba zima. Kwa njia ya kwanza kila mmoja alibaki na kipande kisichomtosha; kwa njia ya pili mtu aliyekuwa na hati ya serikali yenyewe aligundua kwamba hati hiyo haikuwa na thamani. Baada ya kuona hilo, nani angepanda mti unaozaa baada ya miaka mitano?

Mwaka 2015, wakati wafadhili walikuwa wakibeba karibu nusu ya bajeti, mgogoro wa muhula wa tatu wa Nkurunziza ulilipuka Bujumbura, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali hadi 2022. Serikali ikatafuta fedha na sura ndani ya nchi. Ndipo vikaja vyama vya ushirika vya Sangwe, kimoja kwa kila kilima, karibu 2,900 kwa jumla, kila kimoja kikiahidiwa faranga milioni kumi. Mwaka 2019 Gitega ukawa makao makuu ya kisiasa, kwa hoja nzuri kwamba serikali isogee katikati ya nchi, ingawa ukitaka muhuri wa kitu chenye fedha mara nyingi bado unashuka Bujumbura. Kisha ikafuata sheria iliyopunguza mikoa 18 kuwa mitano na tarafa 119 kuwa 42, iliyoanza kutumika 2025. Kwa mtu wa kilima cha pembeni, mtawala wa tarafa amekwenda mbali zaidi.

Mbolea ya ruzuku nayo ina utaratibu wake: mkulima hulipa sehemu ya bei miezi kadhaa kabla ya msimu, kisha husubiri. Misimu kadhaa wakulima wamelalamika hadharani kwamba wamelipa, mvua imeanza, na mifuko haijafika. Mtu mwenye nusu hekta anaikopesha serikali.

Wakati haya yote yanajadiliwa, mlimani uamuzi umekuwa ukipitishwa bila mkutano. Katika miaka ya vita watu waliacha kutandaza majani chini ya mibuni; wengine wakapenyeza maharage na migomba katikati ya mistari ambayo zamani karani asingeruhusu. Kahawa huleta fedha mara moja kwa mwaka, ikiwa kituo kimepata fedha. Mkungu wa ndizi hukatwa wiki yoyote. Hufungwa kwenye baiskeli, hushuka Bugarama kwa kasi ya kutisha hadi masoko ya Bujumbura, na mwenye baiskeli hulipwa hapo hapo kabla ya kujishika nyuma ya lori na kupanda tena. Ndizi haijawahi kuundiwa ofisi.